Programu Huria na Ujira wa Fundi

Parokia inayoandika barua na vyeti kwa LibreOffice hailipii leseni hata senti moja. Programu huria humruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza na kuirekebisha. Lakini faili zikigoma kufunguka siku chache kabla ya Pasaka, aitwe nani? Mara nyingi huitwa kijana wa kwaya, naye huondoka na shukrani tupu. Tangu Rerum Novarum ya Papa Leo XIII, mwaka 1891, Kanisa limetetea ujira wa haki. Sioni kwa nini fundi huyu aachwe nje.

The Document Foundation ya Berlin, inayoisimamia LibreOffice, haiuzi huduma ya ufundi, bali huchapisha orodha ya wataalamu iliowathibitisha. Debian nayo huorodhesha washauri nchi kwa nchi, ingawa haiwadhamini. Tafuteni humo kwanza, kisha andikeni mkataba: kazi gani, muda gani, malipo gani, na nywila zibaki parokiani.

Mwaka 2014 kasoro iitwayo Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Watunzaji wake walikuwa wachache mno, na michango waliyopata ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo makampuni makubwa yalipofungua mikoba, kupitia Linux Foundation.