Jiwe la kumalizia wembe: numero peke yake haitoshi

Kaka na dada wa chama, na ninyi wanafunzi munaotufuata, leo tuzungumze kitu kidogo cha mezani kwa kinyozi: jiwe la kumalizia wembe. Ninasema ule wembe wa kukunja, wenye mpini, unaonolewa na kutumika miaka mingi. Si jilete ya kutupa.

Kijana akitaka kununua jiwe lake, swali la kwanza ni: "Iko numero ngapi?" Anaona 8000, anaona 12000, anafikiri yenye numero kubwa njo bora. Kwa mawe ya kiwandani swali lile liko sawa. Kiwanda kinachekecha punje, kinachagua zinazolingana ukubwa, kinazifunga pamoja, kisha kinaandika numero. Lakini jiwe la asili hakuna mutu aliyelichekecha. Numero inayoandikwa juu yake ni makadirio ya muuzaji, na mara nyingine ni biashara tu.

Waliosoma agronomia watanielewa upesi. Kwenye kozi ya udongo tulifundishwa kutofautisha tekstira na struktira. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kiasi kilekile cha mchanga na cha mfinyanzi, lakini moja linapitisha maji na lingine linatuamisha, juu punje zimepangwa tofauti. Jiwe nalo ni vilevile. Ukubwa wa punje ni tekstira. Umbo lake, wingi wake na namna zilivyoshikana ni struktira. Na struktira njo inaamua kwa sehemu kubwa namna wembe utapita kwenye shavu.

Tuangalie mawe manne yanayojulikana sana.

1. Kotikule ya Ubelgiji. Inatoka Ardenne, upande wa Vielsalm na Salmchâteau. Rangi yake ni ya manjano. Ndani ya mika laini mumejaa punje za grenati, madini magumu kuliko chuma cha wembe. Punje hizo zina kama mikroni 5 mpaka 20. Sasa linganisha: jiwe la kiwandani la 8000 lina punje za mikroni 3 au chini yake. Kwa hesabu ya numero, kotikule ingepaswa kukwaruza makali. Haifanyi hivyo, juu kila punje ina nyuso nyingi na inakaribia kuwa mviringo, kwa hiyo inachora mfereji mpana usio na kina.

Tena jiwe hili linafanya kazi mbili. Ukilisugua kwa maji na kipande kidogo cha jiwe lilelile, unatoka uji mweupe kama maziwa. Uji mzito unakata haraka, lakini punje zinazoelea zinagonga makali na kuyachosha. Kwa hiyo unaongeza maji tone kwa tone, uji unapungua, mpaka unamalizia na maji safi. Ukikimbilia maji safi mapema, wembe utabaki nusu njia.

2. Jiwe la Thüringen, Ujerumani. Hili ni shisti laini yenye punje ndogo sana za kwarizi. Mawe yenye jina la Escher yalipendwa na vinyozi wa zamani katika nchi nyingi. Leo yanapatikana ya mitumba tu, na bei imepandishwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Ni jiwe rahisi kutumia: uji mwepesi, kisha maji. Ila angalia usije ukalipa etiketi kuliko jiwe lenyewe.

3. Mawe ya Kyoto, Japani. Ni matope ya silisi yaliyotulia chini ya bahari kuu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, yakakauka na kubanwa kuwa mwamba. Jina la Nakayama njo linavuta wanunuzi wengi. Hapa tofauti kati ya jiwe na jiwe ni kubwa sana, hata kama yametoka shimo moja: lingine gumu, lingine laini, lingine lina mistari migumu inayokwaruza chuma. Kwa kumalizia wembe wanatafuta lile gumu, na uji wanautengeneza na kijiwe kidogo kinachoitwa nagura. Ukinunua bila kulijaribu, unabahatisha.

4. Jiwe la Arkansas, Marekani. Karibu lote ni silisi tupu, punje zimeshikana sana, kwa hiyo haliachilii uji kama mengine. Linatumika na mafuta au maji ya sabuni. Lile gumu linalopitisha mwanga kidogo njo la kumalizia. Siri yake iko kwenye uso: ukiuacha na mikwaruzo, jiwe linakata, ukiulainisha vizuri, linang'arisha. Jiwe moja, punje zilezile, matokeo mawili. Linakwenda polepole, lakini linadumu sana.

Na mwenye mfuko mdogo? Kuna jiwe la Guangxi, China, ambalo kwa kawaida ni la bei ya chini kuliko hayo yote. Mara nyingi linauzwa kama "12000". Jiwe lenyewe si baya, ni gumu na linamalizia vizuri, lakini liko polepole: andaa uvumilivu. Ile 12000 usiihesabu.

Sasa njo neno la muhimu kwa anayetaka kutumia pesa yake. Jiwe la kumalizia halitengenezi makali, linayasafisha tu. Makali yanazaliwa mwanzoni, kwenye jiwe la 1000 hivi, pale pande mbili za wembe zinakutana sawasawa kutoka ncha mpaka mwisho. Kama hazikukutana pale, hata jiwe la Kyoto la dola mia nyingi litang'arisha ubutu. Kwa hiyo nunua kwa utaratibu huu: kwanza jiwe la 1000 na kitu cha kusawazisha uso wake, pili jiwe la katikati, tatu mkanda wa ngozi. Jiwe la asili linakuja mwisho.

Wakati wa kunoa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, makali yakitangulia, mukono mwepesi. Kwenye ngozi unageuza: mgongo njo unatangulia. Kisha usiamini macho wala numero, uliza shavu. Wembe ukivuta ndevu, rudi nyuma kwenye jiwe la kwanza. Ukikata vizuri lakini ngozi inawaka, ongeza muda kwenye jiwe la mwisho na kwenye ngozi.

Na tusisahau: kunoa hakuui vijidudu. Wembe wa namna hii unagusa damu, kwa hiyo mutu mmoja, wembe wake. Kinyozi anayehudumia watu wengi atumie kiwembe kipya kwa kila mteja, na huu wa kunoa abaki nao nyumbani kwa kidevu chake mwenyewe.