Asiyelewa Upesi Ndiye wa Kuchungwa

Wundanyi, kama Voi na Mwatate, miji mingine ya Taita Taveta, kila kikundi cha wanywaji kina bingwa wake. Ni yule kijana ambaye wenzake wakishaanza kuropoka, yeye bado anahesabu chenji sawasawa, anaita bodaboda na kuwashika mkono mmoja mmoja wasije wakaanguka kwenye mteremko. Husifiwa: ana kichwa kigumu, pombe haimwingii. Kwa macho ya kitaalamu, huyo ndiye wa kuhofiwa kwanza, kabla ya yule aliyesinzia benchini kwa chupa mbili.

Jambo hili lilipimwa. Daktari Marc Schuckit wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliwachukua vijana wa kiume wenye umri wa miaka 20 hivi, baadhi yao wana wa baba walevi. Akawapa pombe kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mwili, kisha akaangalia wanajihisi vipi na wanayumba kiasi gani wakisimama. Akawafuatilia kwa karibu miaka 10. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1994 yanashtua: kati ya wana wa walevi ambao pombe haikuwayumbisha sana siku ile, asilimia 56 walikuwa wameshakuwa walevi. Kati ya wale iliowayumbisha upesi, ni asilimia 14 tu.

Hapana muujiza hapo. Mnywaji wa kawaida husimamishwa na mwili wake mwenyewe: kichwa kinakuwa kizito, tumbo linachafuka, miguu inagoma. Mwenye kichwa kigumu halipati onyo hilo. Hufika chupa ya sita akitafuta kile mwenzake alichokipata kwa mbili, na kufikia hapo ubongo wake umepokea dozi ya chupa sita. Dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo fulani lirudiwe, huongezeka kila anapokunywa, nao ubongo hujirekebisha kwa kupunguza namna unavyoipokea. Baada ya miaka kadhaa hanywi tena kwa ajili ya raha. Anakunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka.

Tofauti hii ya vichwa, kwa sehemu kubwa, hurithiwa. Wazee waliotumwa kuulizia ukoo kabla ya posa hawakungoja maabara iwaambie. Walipeleleza kifafa, wizi, uchawi, na pombe pia. Kwa hilo la mwisho sayansi imewapa haki, lakini nusu tu. Tafiti za mapacha na za watoto wa kulea zinaonyesha kwamba mchango wa urithi katika ulevi ni kama asilimia 50. Utafiti unaokumbukwa zaidi ni ule wa Denmark uliochapishwa na Donald Goodwin na wenzake mwaka 1973. Waliwatafuta wanaume waliozaliwa na mzazi mlevi, wakatenganishwa naye ndani ya wiki 6 za mwanzo na kulelewa na watu wengine. Baba hakuwapo kuwaonyesha glasi, wala hawakutumwa dukani kumnunulia chupa. Hata hivyo asilimia 18 kati yao walipatikana na ulevi, dhidi ya asilimia 5 ya watoto wa kulea ambao wazazi wao wa damu hawakuwa walevi.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Asilimia 50 ya urithi haina maana kwamba mtoto wa mlevi amekwisha hukumiwa nusu kwa nusu. Maana yake ni kwamba ukizitazama tofauti za watu katika jamii nzima, kwa nini huyu kazama na yule hakuzama, karibu nusu ya tofauti hizo inatokana na jeni. Mtoto wa mlevi ana hatari mara 3 hadi 4 kuliko wengine, kweli. Lakini rudi kwenye hesabu ya Denmark: kati ya kila wana 100 wa walevi, 82 hawakupatikana na ulevi. Anayemtupia kijana maneno ya mtoto wa nyoka ni nyoka hajui hesabu.

Wala hakuna jeni moja ya ulevi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliounganisha matatizo ya pombe, tumbaku, bangi na dawa za jamii ya afyuni, ulikusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 1 wenye asili ya Ulaya. Ukapata sehemu 19 za DNA zinazohusiana na uraibu kwa ujumla, bila kujali ni kileo gani, na kila sehemu mchango wake ni mdogo sana. Baadhi zinagusa namna ubongo unavyoiongoza dopamini. Watu wenye asili ya Afrika katika utafiti huo walikuwa 92,000 hivi. Kwa hiyo ukiona tangazo la kampuni ya ng'ambo inayodai itapima mate yako na kukuambia kama utakuwa mraibu, weka pesa zako mfukoni. Hesabu zao zimejengwa juu ya miili ya Wazungu. Kwetu kazi ya kukusanya jeni za Waafrika kwa ajili ya afya ya akili imeanza katika mradi wa NeuroGAP, unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, ingawa unalenga magonjwa ya skizofrenia na baipola.

Jeni zinazofahamika vizuri kuliko zote ni za ini, si za ubongo. Ini huvunja pombe kwa hatua mbili: kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa asidi ileile iliyomo katika siki. Wachina, Wajapani na Wakorea wengi wamerithi kimeng'enya dhaifu cha hatua ya pili. Glasi moja tu uso unakuwa mwekundu, moyo unadunda, kichefuchefu kinapanda. Wenye hali hiyo huwa walevi mara chache kuliko wengine. Watu wenye asili ya Afrika, baadhi yao, wana aina nyingine ya jeni ya hatua ya kwanza inayovunja pombe kwa kasi, nayo huwapa kinga kiasi. Kuna dawa inayoleta udhaifu uleule wa hatua ya pili: disulfiramu, ambayo nguvu yake dhidi ya ulevi ilitangazwa na Wadenmark mwaka 1948, hukizuia kimeng'enya cha pili ili anayekunywa juu yake ajute.

Basi nusu ya pili, isiyo ya urithi, iko wapi? Itazame milima ya Taita. Mvua ileile ikinyesha, shamba la mteremko hupoteza udongo mwingi kuliko lile la bondeni. Mteremko ni urithi, hukuuchagua. Matuta yanalimwa.

Na Wadawida, yaani Wataita, walikuwa na matuta yao. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu kutasa: mtu hupiga funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira moyoni mwake. Pombe ilikuwa na kazi yake, mahali pake na wenyewe. Sisemi hapakuwa na walevi. Nasema ilikuwa vigumu kwa kijana wa miaka 14 kuipata kila siku. Mbangara, pombe hiyo ya kienyeji, inataka miwa, siku za kuchacha na mikono mingi, na hamira nyingi hushindwa nguvu ya pombe inapokaribia asilimia 15. Chang'aa hutoneshwa ikafika 40 au zaidi, nayo hubebwa kwenye chupa ya soda. Kati ya mghosi, yaani mzee, wa wakati ule na mjukuu wake wa leo jeni hazijabadilika, kwa kuwa vizazi viwili vitatu ni muda mfupi mno. Kilichobadilika ni kinachopatikana.

Viongozi nao wamejaribu kuzuia kinachopatikana: Mei 2024 Gavana Andrew Mwadime wa Taita Taveta aliungana na wenzake wa Mombasa na Kilifi kupiga marufuku muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa. Rais Ruto akajibu kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na sheria kama zao. Mabishano yakawa ya mapato na mamlaka. Kwa maoni yangu yaliupita mlango muhimu kuliko yote, wa nyumba ambayo tayari ina waraibu wawili na mtoto wa darasa la saba.

Takwimu moja ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 1997, inafaa kujulikana na kila mzazi: walioanza kunywa kabla ya miaka 15, asilimia 40 walipata utegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, asilimia 10. Sehemu ya pengo hilo huenda ni jeni zilezile zinazomfanya mtoto aanze mapema. Lakini umri wa kuanza tunaweza kuuchelewesha, jeni hatuwezi.

Kwa hiyo, kama kwenu kuna mjomba au babu aliyeangamizwa na pombe, usimfiche mtoto kwa kuogopa aibu. Mwambie kabla hajaenda sekondari, kwa lugha nyepesi, kwamba yeye akinywa huenda asihisi kitu, na kwamba kutohisi huko ndiko hatari yenyewe. Na aliyekwisha zama usimfungie chumbani aache ghafla, kwani kuacha pombe kwa ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Mpeleke hospitali, Wesu au Voi, au piga simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Hailipishwi.