Kaachwa kwa sababu ya udogo: Ligi za mikoa Ufaransa zinavyowasubiri watoto waliochelewa kukua

Wazazi wengi wenye watoto wanaopenda soka wamewahi kulisikia jibu hili baada ya majaribio: mpira anaujua, ila umbo dogo. Mtoto anarudi nyumbani, anatupa viatu uvunguni, na wiki mbili hataki hata kuangalia mechi kwenye televisheni. Baba anamwambia ale zaidi. Mama anauliza kama kuna dawa ya kurefusha.

Dawa ya kurefusha mtoto mwenye afya njema haipo. Anachohitaji ni muda, na mahali pa kuendelea kucheza wakati mwili wake unajiandaa. Hapo ndipo soka la Ufaransa lina cha kumfundisha mzazi, na si kupitia akademi zake za kifahari. Tazama chini kabisa, kwenye ligi za mikoa ambazo matokeo yake hayasomwi kwenye redio yoyote ya huku.

Kwa asiyezifahamu, ngazi ziko hivi. Juu kuna Ligue 1 na Ligue 2. Chini yake kuna National, National 2 na National 3. Kuanzia daraja la sita ndipo unapoingia kwenye ligi za mikoa: Régional 1, Régional 2, Régional 3, kisha ligi za wilaya. Hadi mwaka 2017 Régional 1 ilikuwa ikiitwa Division d'Honneur, na wazee wengi bado wanaiita hivyo. Ufaransa bara ina ligi za mikoa 13, kila moja na ratiba yake, waamuzi wake na ugomvi wake.

Msimu huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kumalizika Mei au mapema Juni. Katikati kuna mapumziko ya Krismasi, na mara nyingi Januari mechi huahirishwa kwa sababu uwanja umeganda kwa baridi. Wachezaji wana kazi zao: fundi bomba, mwalimu, dereva, mwanafunzi. Wanafanya mazoezi jioni mara mbili au tatu kwa wiki, kisha mwisho wa juma wanapanda magari yao na kwenda kucheza mji wa jirani. Uwanja huohuo asubuhi hutumiwa na watoto wa klabu, na mara nyingi aliyekata tiketi mlangoni ni mzazi wa mmoja wao.

Mtoto wa Suresnes

N'Golo Kanté alizaliwa Paris Machi 29, 1991, kwa wazazi waliohamia kutoka Mali. Alikulia Rueil-Malmaison, pembezoni mwa jiji. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa na miaka 11, akabaki na mama na ndugu zake. Alijiunga na klabu ya ridhaa ya JS Suresnes akiwa na umri wa miaka 8 na akakaa hapo hadi 2010, alipokuwa na miaka 19.

Hiyo miaka 11 kwenye klabu moja ya mtaani ndiyo ya kuitafakari. Mkoa wa Paris unasakwa vipaji kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Ulaya. Wasaka vipaji walikuja, wakaangalia, wakachukua wengine. Kanté alikuwa mfupi na mwembamba, hana kelele, na hakuchukuliwa. Hata leo ana urefu usiozidi sentimita 170.

Lakini hakuna aliyemwambia aache. Jumapili ilipofika kulikuwa na mechi, jezi na kocha anayemjua kwa jina. Alipopanda kwa wakubwa alikuwa bado yupo uwanjani, mapafu na miguu vimezoea kazi. Mwaka 2010 akachukuliwa na Boulogne, si kwenye timu ya kwanza bali timu ya akiba iliyokuwa ikicheza ligi za chini. Huko aliendelea na shule na kuhitimu masomo ya uhasibu. Msimu wa 2012–13 alicheza karibu mechi zote za daraja la tatu. Mwaka 2013 akaenda Caen, 2015 Leicester City, na Mei 2016 akawa bingwa wa England. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia nchini Russia.

Kwenye kikosi kilekile cha Leicester alikuwapo Riyad Mahrez, aliyezaliwa Sarcelles, kaskazini mwa Paris. Naye alikuwa mwembamba kiasi kwamba wengi walihofia angevunjika. Alimpoteza baba yake akiwa kijana wa miaka 15, akaendelea na klabu ya ridhaa ya Sarcelles, kisha Quimper ya daraja la nne, kisha timu ya akiba ya Le Havre. Timu iliyoishangaza dunia ilikuwa na vijana wawili ambao akademi kubwa za Ufaransa hazikuwaona walipokuwa watoto.

Mwili una kalenda yake

Kwa nini wataalamu wa kusaka vipaji hukosea? Sababu kubwa ni kwamba umri wa cheti cha kuzaliwa na umri wa mwili ni vitu viwili tofauti.

Kwa wavulana wengi, kipindi cha kurefuka haraka hufikia kilele karibu na miaka 13 au 14. Kwa wasichana huja mapema, karibu na miaka 11 au 12. Katika kilele hicho mvulana anaweza kuongezeka sentimita 9 au 10 ndani ya mwaka mmoja. Lakini hiyo ni wastani. Wapo wanaoanza wakiwa na miaka 11, na wapo wanaosubiri hadi 15 au 16, wote wakiwa wazima kabisa. Kwenye timu ya miaka 13 unaweza kumkuta mmoja mwenye mwili wa kijana wa miaka 15 akimkaba mwenye mwili wa mtoto wa miaka 11. Kocha anayetaka kushinda Jumapili hii atampanga nani?

Kisha kuna suala la mwezi wa kuzaliwa. Makundi ya umri yakihesabiwa kuanzia Januari 1, mtoto wa Desemba anashindana na mwenzake aliyemzidi karibu mwaka mzima. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa akademi hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Kylian Mbappé ni wa Desemba 20, lakini yeye alikuwa na kasi iliyofunika kila kitu, na baba yake alikuwa kocha palepale AS Bondy. Si kila mtoto wa Desemba ana bahati hizo mbili.

Antoine Griezmann, wa Mâcon, alikataliwa na klabu kadhaa za Ufaransa kwa sababu ya urefu. Akaishia kuvuka mpaka kwenda Hispania, kwa Real Sociedad, akiwa na miaka 14 hivi. Kwa mzazi, hiyo ni njia ghali zaidi kuliko ya Kanté: mtoto amefanikiwa, lakini ameondoka nyumbani kabla hajaota ndevu.

Aliyepelekwa mbali akarudishwa

Gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye kisa cha Dimitri Payet, na kisa chenyewe kinatoka bahari yetu hii ya Hindi. Visiwa vya Réunion na Mayotte ni sehemu ya Ufaransa na vina ligi zao za mkoa. Mayotte ndiko kunakozungumzwa Kishimaore, lugha ambayo msikilizaji wa Kiswahili huambulia maneno mengi. Msimu huko hufuata mwaka wa kalenda badala ya ule wa Ulaya. Hizi si ligi za kubeza. Roger Milla alikuwa akicheza JS Saint-Pierroise ya Réunion kabla ya kwenda kufunga mabao manne Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38. Januari 2020 klabu hiyohiyo ilisafiri hadi Ufaransa bara na kuitoa Niort ya Ligue 2 kwenye Kombe la Ufaransa.

Payet alizaliwa Saint-Pierre mwaka 1987. Mwaka 1999, akiwa na miaka 12, alipelekwa akademi ya Le Havre, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwao. Mtoto wa kisiwa chenye joto akawekwa kwenye mji wa bandari wenye upepo na baridi, bila mama, bila baba. Alikaa miaka minne. Mwaka 2003 akarudishwa kisiwani.

Kwa familia nyingi, hapo ndipo hadithi huisha kwa aibu. Majirani wanajua aliondoka, na sasa wanamwona amerudi. Payet alirudi AS Excelsior, klabu ya kisiwani, akacheza misimu miwili kwenye ligi ya mkoa akiwa nyumbani. Nantes walipomtaka mwaka 2005 alisita, kwa sababu ya yale aliyoyapitia Le Havre, hadi familia ilipomshawishi. Juni 10, 2016, alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya Romania kwenye mechi ya ufunguzi wa Euro, akatoka uwanjani akilia mbele ya nchi nzima.

Kama kisiwa kisingekuwa na ligi inayoendeshwa sawasawa, yenye ratiba na waamuzi, kijana yule wa miaka 16 angecheza wapi?

Wafaransa wenyewe wanaonekana kulijua tatizo la kuwang'oa watoto nyumbani. Kwenye kituo cha taifa cha Clairefontaine, vijana wa miaka 13 hadi 15 hulala kituoni siku za wiki, lakini mwisho wa juma hurudi kwa familia zao na kuchezea klabu zao za nyumbani. Mbappé alisoma hapo huku akiendelea na Bondy. Watoto wadogo nao hawapewi uwanja wa watu wazima: hucheza wachache kwa wachache, hadi miaka 13 ni wanane kwa wanane, na timu ya wachezaji 11 huanza wakifikia kundi la miaka 14. Kwenye uwanja mdogo, mtoto mfupi anagusa mpira mara nyingi na mbio ndefu hazimhukumu.

Kipi ni kuchelewa, kipi ni ugonjwa

Hayo yote hayana maana kwamba kila udogo usubiriwe tu. Mzazi anaweza kupima mwenyewe: msimamishe mtoto ukutani bila viatu, weka alama, rudia baada ya miezi 6. Kabla ya kubalehe, mtoto mwenye afya huongezeka takriban sentimita 5 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya sentimita 4, au akiwa amepungua uzito, anaumwa tumbo mara kwa mara au anachoka kupita kawaida, apelekwe kituo cha afya. Vilevile mvulana aliyefika miaka 14, au msichana wa miaka 13, bila dalili yoyote ya kubalehe anahitaji kuonwa na daktari. Mara nyingi daktari atauliza wazazi wenyewe walibalehe lini, kwa kuwa kuchelewa hurithiwa. Baba aliyerefuka akiwa kidato cha nne asishangae.

Hatari nyingine huja mtoto anapoanza kurefuka. Uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya goti, au maumivu ya kisigino baada ya mazoezi, ni ya kawaida kati ya miaka 9 na 15. Kano huvuta sehemu laini ya mfupa unaokua. Tiba kubwa ni kupunguza mazoezi na kupumzika. Kuchua kwa nguvu na kumwambia mtoto "vumilia" havisaidii. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri siku 1 hadi 2 za mapumziko kila wiki na jumla ya miezi 2 hadi 3 kwa mwaka bila mchezo uleule. Msimu wa ligi za Ufaransa bara, wenye baridi yake katikati na kiangazi chake mwishoni, karibu unatoa nafasi hiyo wenyewe. Mtoto anayecheza shuleni, mtaani na akademi mwaka mzima haipati mpaka mzazi aingilie.

Na wengi hawatakuwa Kanté. Januari 2023, Pays de Cassel ya Régional 1 ilipangiwa PSG kwenye Kombe la Ufaransa, ikafungwa 7–0, Mbappé akitupia matano. Wiki iliyofuata wachezaji wake walikuwa kazini na mazoezini jioni kama kawaida. Wana miaka 25, 30, wengine zaidi, wanakimbia, wana marafiki, na moyo wao unafanya kazi vizuri. Baadhi yao bila shaka waliwahi kuambiwa ni wadogo mno.

Kwa mzazi anayeletewa fomu ya akademi, basi, yapo ya kuuliza kabla ya kusaini. Mtoto atalala wapi na nani atamwona akiumwa usiku? Atarudi nyumbani kila baada ya muda gani? Shule ataendelea nayo wapi? Wanapima urefu wake na kuuandika, au wanaangalia tu nani mkubwa leo? Na wakimrudisha, timu ya mtaani iliyomlea bado itakuwa na jezi yake?