Kibaraza cha mbao: Usimtumie fundi nusu ya hela kabla hujasoma hii

Fundi amekuja, amezunguka nyumba mara moja, amepiga hesabu kwenye simu. Kisha anakwambia: "Boss, nitumie nusu nikachukue mbao." Unatuma. Jioni anapokea simu, kesho yake anapokea kwa shida, keshokutwa namba haipatikani.

Nyumbani kwetu Dar yalitukuta. Mama alitaka kibaraza cha mbao kwa nyuma, sehemu ya kupumzika jioni. Zikasimama nguzo nne, fundi akapotea, masika ikaingia. Mbao zilizoachwa chini zikapinda, na hela ikawa imeenda.

Tulimuita tapeli. Lakini baada ya kuongea na mafundi kadhaa, nimeelewa kwamba mara nyingi kosa linaanzia kwenye namna tunavyolipa.

Hela yako inakwenda wapi?

Fundi wengi wa mtaani hawana mtaji. Saidia fundi anataka chake kila jioni, nauli inataka, na nyumbani wanataka kula. Kama kazi ya mteja aliyepita ilikwama katikati, advansi yako ndiyo inakwenda kuimalizia. Ya kwako nayo inasubiri advansi ya mteja anayefuata.

Kwa hiyo ukitoa nusu kwa mkupuo, hata fundi mwaminifu anaweza kukwama. Na ukishatoa, huna tena cha kumrudisha saiti.

Tenganisha vifaa na ufundi

Mwambie akuandikie orodha ya vifaa: mbao za saizi gani, ngapi, bolti ngapi, saruji mifuko mingapi. Ipeleke orodha hiyo kwenye maduka mawili au matatu ulinganishe bei. Nenda naye dukani, lakini anayelipa ni wewe, na risiti unabaki nayo.

Hapo utakuwa umeondoa "cha juu". Kinachobaki mkononi kwako ni hela ya ufundi tu.

Gawa hela ya ufundi kwa hatua

Tuseme mmekubaliana ufundi Sh600,000. Huu ni mfano tu, bei ya kwenu inaweza kuwa tofauti:

- Siku ya kuanza: Sh100,000
- Nguzo zimesimama na zege limekauka: Sh150,000
- Kiunzi cha chini kimefungwa: Sh150,000
- Sakafu na vizuizi vya pembeni vimekamilika: Sh100,000
- Wiki mbili baadaye, umetumia na hakuna kinachocheza: Sh100,000

Hatua ni fupi, kwa hiyo fundi hakai na njaa. Na kila hatua inakupa nafasi ya kukagua kabla kazi haijafunikwa. Hili la pili ndilo kubwa zaidi.

Kagua kisichoonekana

Kinachoua kwenye kibaraza cha mbao huwa kiko ndani. Mwaka 2015 mjini Berkeley, California, balkoni ya jengo la ghorofa ilianguka vijana wakiwa juu yake, 6 wakafariki. Kwa nje ilionekana nzima, ila mbao zilizoibeba zilikuwa zimeoza kwa unyevu.

Kabla hujatuma hela ya hatua inayofuata, angalia haya:

Nguzo. Mbao isizikwe moja kwa moja kwenye udongo. Isimame juu ya zege lililoinuka kidogo, ikishikwa na chuma. Ikizikwa, inaozea pale inapokutana na ardhi, na mchwa watapanda bila wewe kuwaona.

Pale kibaraza kinapogusana na nyumba. Hapa ndipo vibaraza vingi huachia. Ile mbao inayoegemea ukutani ifungwe kwa bolti, isipigiliwe misumari peke yake. Msumari huchomoka taratibu kadiri watu wanavyotembea. Kama unaishi karibu na bahari, taka bolti na misumari iliyopakwa zinki, maana chumvi hula chuma haraka.

Sakafu. Kati ya mbao na mbao pabaki upenyo wa kama milimita 5 ili maji yapite. Zikibanana, maji yanatuama na mbao zinaanza kuoza.

Vizuizi vya pembeni. Kama kibaraza kimeinuka na kuna watoto, nafasi kati ya nondo au mbao zilizosimama isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Kanuni za ujenzi za Marekani na Uingereza zinatumia kipimo kama hicho.

Huhitaji kuwa injinia kukagua haya. Piga picha kila hatua. Ukiwa uko mbali, mtume ndugu yako, au fundi akupigie simu ya video kabla hujatuma hela.

Mbao nayo iulizie

Mninga na mkongo ni mbao ngumu, zinavumilia, ila bei yake imechangamka. Paini ni nafuu, lakini ikikaa nje bila dawa haidumu. Ukichukua paini, chukua iliyotiwa dawa kiwandani. Mara nyingi utaiona ina rangi ya kijani kwa mbali.

Kupaka oili chafu ya gari si sawa na mbao kutiwa dawa. Oili inakaa juu juu, wakati dawa ya kiwandani husukumwa kwa presha iingie ndani. Na fundi akikata mbao yenye dawa, ule mwisho uliokatwa upakwe dawa upya, maana maji na mchwa wanaingilia hapo.

Jambo moja wengi hawalijui: vipande vinavyobaki usivifanye kuni. Baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, ambayo ni sumu, na inabaki kwenye moshi na majivu. Waambie na walioko jikoni.

Andikishaneni, hata ukurasa mmoja

Tanzania, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Shida ni kuyathibitisha. Karatasi moja inatosha: majina na namba za vitambulisho, kazi yenyewe na vipimo vyake, bei, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na nani anarekebisha kikiharibika ndani ya miezi mingapi. Wote msaini, na shahidi mmoja kila upande.

Lipa kwa simu, na meseji za muamala usizifute. Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana huko, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba.

Kabla ya yote, omba akupeleke kwenye kazi aliyofanya mwaka mmoja au miwili iliyopita. Kazi ya wiki iliyopita haikwambii kitu, kila kibaraza kipya kinang'aa. Muulize mwenye nyumba swali moja: ulipompigia arekebishe, alirudi?

Cheti nacho kinasaidia. VETA huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazi mtaani bila kupita chuoni. Asipokuwa nacho si lazima awe mbovu, lakini akiwa nacho kuna mtu mwingine ameshamkagua kabla yako.

Kazi ikienda juu, badilisha mtu

Kibaraza cha hatua mbili kutoka chini fundi mzuri anakimudu. Ukitaka cha ghorofani, au kinachobeba paa na tenki la maji, hiyo si kazi ya kukadiria kwa macho. Tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na umuombe namba yake ya usajili uihakiki kwenye bodi. Halmashauri nayo iulize kuhusu kibali cha ujenzi kabla ya kuongeza chochote kwenye nyumba, kwa sababu kubomolewa kunauma kuliko kusubiri.

Na wewe mteja je?

Mafundi nao wana vilio vyao. Kuna mteja anayekubali kazi ikiisha, halafu anaanza "nitakucheki mwisho wa mwezi". Kuna anayebadilisha ramani katikati na hataki kuongeza hela. Malipo ya hatua yanamlinda fundi pia, ila tu kama hatua ikikamilika na wewe unatuma siku hiyo hiyo.

Sisi tulimpata fundi mwingine. Tulimlipa hatua tano, siku tisa akamaliza. Hela ya mwisho mama aliituma baada ya kurukaruka juu ya kibaraza mbele yake, fundi akicheka.