Hikaya za Mafundi wa Xerox

Wakuu wengi wa mashirika hudhani kuwa maarifa ya kazi yamo katika vitabu vya maelekezo, na kwamba mtumishi akishakabidhiwa kitabu amekabidhiwa kazi nzima. Julian Orr, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliiona dhana hiyo ikibatilika mbele ya macho yake katika miaka ya 1980, alipofuatana na mafundi wa kampuni ya Xerox waliokuwa wakizunguka kwa wateja kutengeneza mashine za kunakili. Na aliyoyaona akayatolea kitabu mwaka 1996.

Maelekezo waliyopewa mafundi wale yalipangwa kwa uangalifu mkubwa: mashine ikionyesha tarakimu fulani ya hitilafu, fundi afuate hatua hii, kisha ile, mpaka akifikie kipuri cha kubadilisha. Lakini mashine iliyokwisha kuzeeka kazini, yenye kushikwa na watu wa kila namna, huwa na tabia zake, na tabia hizo mwandishi wa maelekezo, aliyeketi mbali, hawezi kuzibashiri zote.

Katika kitabu cha Orr mna kisa cha fundi mmoja aliyekuta mashine ambayo tarakimu zake hazikuafikiana kabisa na ugonjwa wenyewe. Akamwita mtaalamu aliyemzidi ujuzi, naye akatatizika vilevile. Kuiondoa na kuleta nyingine kungewavunjia heshima mbele ya mteja, tena kungewaacha katika ujinga uleule. Basi wakaishughulikia kwa muda wa saa tano, wakijaribu hili na lile, na kila jaribio likimkumbusha mmoja wao mashine nyingine, ya mteja mwingine, iliyofanya vituko vya namna ile. Mwenziwe naye akaongeza yake, hata zikatimia hikaya zipatazo kumi na mbili, na kutokana nazo ikadhihirika sababu ambayo asubuhi ile hapana kati yao aliyeijua.

Maarifa yale, basi, yalizaliwa baina yao, kwa mazungumzo; na kisa chenyewe kikawa hikaya mpya ya kusimuliwa wenzao wakutanapo kwa chakula na kahawa. Mkuu anayeyahesabu mazungumzo hayo kuwa uvivu, akayapiga marufuku ili kuokoa dakika, nadhani analidhulumu shirika lake kuliko mwizi wa vipuri, kwa kuwa kipuri hununuliwa kingine.

Xerox yenyewe ilizingatia jambo hili. Katika miaka ya 1990 ilianzisha, na mafundi wa Ufaransa wakiwa miongoni mwa wa mwanzo kuitumia, hazina ya pamoja katika kompyuta iliyoitwa Eureka, ambamo fundi aliandika dawa aliyoivumbua, na jina lake likabaki juu yake popote iliposomwa. Kabla ya kuenezwa, dawa hiyo ilipimwa kwanza, na wapimaji walikuwa mafundi wenziwe wenye tajiriba, waliokwisha kuchafua mikono yao kwa wino wa mashine zilezile.