Jodari na Sumu Isiyosikia Moto

Katika soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, lililo kando ya Bandari ya Kale, mnunuzi aliyelelewa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kumkagua samaki, kwani tangu utotoni amezoea kuinua shavu atazame kama matamvua yangali mekundu, kuangalia kama jicho limetuna au limezama, kubonyeza nyama kwa kidole, na mwisho kunusa. Lakini ilimu hii ya wazee, ambayo kwa changu na tafi aghalabu haikosei, kwa jodari, nguru na vibua yaweza kumhadaa hata mpishi hodari.

Miongoni mwa wenye kumtia samaki sumu kabla hajanuka ni bakteria aitwaye Photobacterium damselae, mkaazi wa maji ya bahari, ambaye wataalamu walimweleza mara ya kwanza mwaka 1981 walipomkuta katika vidonda vya samaki wadogo wa California, Marekani. Maadamu samaki yu hai, bakteria huyu na wenziwe hukaa ngozini, katika matamvua na matumboni. Lakini samaki akishakufa, bakteria hao hupenya nyamani, na wakiwa wamempata jodari, ambaye nyama yake imejaa asidi amino iitwayo histidini, huigeuza histidini hiyo ikawa histamini, ndiyo sumu yenyewe. Jambo hili hutaka joto, na joto la kaskazi halina uhaba. Jodari aliyevuliwa usiku, akalala ndani ya mashua bila barafu hata jua likapanda juu ya Ngome ya Mombasa, huweza kukusanya histamini ya kudhuru kabla hajaanza kunuka.

Hapo huja mpishi, akamtia ndimu na chumvi, akamkaanga au akampaka tui zito, akiamini kwamba moto umemaliza kila kitu. Bakteria kweli wamekufa, illa histamini haivunjwi na mafuta yachemkayo, wala na mvuke wa kiwanda cha mikebe, wala na friza. Muda si muda mlaji huhisi ulimi ukimwasha mfano wa aliyelamba pilipili, uso na shingo humwiva, kichwa humgonga, na moyo humwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, wakaapa kutomla tena; lakini wakiwa watu watatu wa sinia moja wameshikwa pamoja, mzio wapi hapo? Ghalibu hali hiyo hupita kabla ya siku kwisha, na dawa za mzio husaidia, ingawa mwenye pumu au maradhi ya moyo asingoje nyumbani. (Wachuuzi nao wajihadhari na miiba, kwani bakteria huyuhuyu huweza kuingia katika jeraha na kuleta maradhi makali.)

Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, huruhusu histamini isiyozidi miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki, kipimo ambacho jicho wala pua havikiwezi. Lililo katika uwezo wa mvuvi ni kumtumbua samaki na kumfunika barafu papo hapo baharini, na kwa maoni yangu mnunuzi asione uzito kulipa zaidi kwa ajili ya barafu hiyo. Barafu inayotiwa saa nane mchana juu ya jodari wa alfajiri humpendezesha machoni tu. Histamini iliyokwisha kuumbwa haiipunguzi hata chembe.