Cherehani Haifi kwa Uzee, Hufa kwa Uchafu

Ukitembea Kitale au Bungoma mwanzo wa mwaka, wakati watoto wanaporudi shuleni, utawaona mafundi barazani mwa maduka wakishona sare, na miguu yao haitulii. Huko mashambani nako, Kiminini na Endebess, Kimilili na Chwele, zimo nyumba ambamo mama mwenyewe ndiye fundi. Hushona nguo za watoto, hutia viraka, hukunja pindo za mapazia, na jirani wakimletea kazi hupata fedha ya sabuni au ya karo. Kwa nyumba kama hizo cherehani si pambo. Ni shamba la pili, na mavuno yake hayangoji mvua.

Lakini jambo la kusikitisha ni hili: zipo pia cherehani zilizowekwa pembeni na kufunikwa gunia, na mwenyewe akiulizwa husema, "Imezeeka." Mara nyingi sivyo. Ukiifungua utakuta chuma chake ni kizima, ila ndani imejaa nyuzinyuzi na mafuta yaliyoganda kama ulimbo. Mashine hiyo haikuzeeka; ilikosa kutunzwa.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Kiwanda kikubwa cha Singer kilichokuwa Clydebank, nchi ya Scotland, kilitengeneza cherehani tangu miaka ya 1880 mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, lakini cherehani zake nyingi zingali zinashona. Kadhalika zile zenye alama ya Butterfly, yaani kipepeo, zilizotoka Shanghai katika nchi ya China, hudumu miaka mingi zikipata mafuta. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952, ushonaji ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake. Basi aliyejifunza kushona hana budi ajifunze pia kuitunza mashine, maana ujuzi wa kwanza bila wa pili haufiki mbali.

Adui wa Cherehani

Katika sehemu zetu adui ni watatu. Wa kwanza ni vumbi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi upepo huingiza vumbi jekundu kila mahali. Wakati wa kupukuchua mahindi makapi nayo huruka mpaka ndani ya nyumba. Wa pili ni unyevu wa masika, uletao kutu. Hapa nataka kuwaonya wakulima: msiweke cherehani karibu na magunia ya mbolea ya chumvichumvi. Mbolea hiyo huvuta maji hewani, na chuma kilicho jirani yake hushika kutu upesi.

Adui wa tatu hutiwa na mkono wa mwenyewe, nayo ni mafuta yasiyofaa. Mafuta ya kupikia huonekana mepesi siku ya kwanza, lakini baada ya muda hukauka yakawa gundi. Mafuta ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Kitale huwa baridi kuliko hapo. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya motokaa yana chembechembe za chuma, nazo husaga mashine kama msasa. Mafuta ya taa hulainisha uchafu ulioganda, lakini si mafuta ya kulainisha mashine. Ukiyaacha peke yake chuma hubaki kikavu. Yanayotakiwa ni mafuta ya cherehani yenyewe, meupe na mepesi. Kichupa kidogo hutosha muda mrefu.

Jinsi ya Kusafisha

Tayarisha brashi ndogo, kitambaa laini cha pamba, bisibisi, na gazeti kuukuu la kutandika. Kama cherehani ni ya umeme, chomoa waya kwanza. Kama ni ya miguu, ondoa ukanda wa ngozi katika gurudumu, isije ikazunguka huku vidole vyako vimo ndani. Kisha fuata taratibu hizi:

1. Toa uzi wote, toa sindano, na uinue mguu unaokandamiza kitambaa.

2. Fungua kifuniko cha chini, utoe bobini pamoja na kikopo chake. Fungua skrubu za bamba lililo chini ya sindano, uliondoe. Weka kila skrubu ndani ya kisahani, kwa kuwa iliyopotea huenda usipate mfano wake.

3. Tazama kati ya meno yanayovuta kitambaa. Hapo nyuzinyuzi hushindiliwa mpaka zikawa ngumu kama kipande cha blanketi, na meno yakashindwa kupanda. Zitoe kwa brashi. Usipulize kwa kinywa, maana pumzi ina maji, na maji huleta kutu.

4. Safisha nyumba ya bobini. Uzi mfupi ulionasa humo hutosha kuifanya mashine iwe nzito na kusokota uzi wa chini.

5. Pitisha kitambaa chembamba katikati ya visahani viwili vinavyokaza uzi wa juu, mguu ukiwa bado juu. Uchafu hapo ndio hufanya mishono ilegee, na watu hudhani mashine imeharibika.

Jinsi ya Kutia Mafuta

Kanuni ni moja: mahali popote chuma kinaposuguana na chuma, tia tone moja. Juu ya mkono wa cherehani yapo matundu madogo yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Fungua kibamba cha ubavuni upande wa sindano, utie tone katika vyuma vipandavyo na kushuka. Ilaze mashine nyuma juu ya bawaba zake, utie kila kiungo cha chini, na tone moja katika njia izungukamo nyumba ya bobini. Usisahau kikanyagio cha miguu na kile chuma kirefu kinachozungusha gurudumu kubwa. Mara nyingi kelele isemwayo ya cherehani hutoka huko chini.

Usitie mafuta katika ukanda wa ngozi, kwa maana utateleza. Usitie katika visahani vya uzi wala katika kile kipira cha kujazia bobini. Na usidhani matone matano ni bora kuliko moja. Yaliyozidi hukusanya vumbi na kuitia madoa sare nyeupe ya mtoto wa mwenzio.

Ukimaliza, rudisha vyote isipokuwa uzi. Zungusha gurudumu kwa dakika chache, kwa upande ule ule liendao wakati wa kushona, ili mafuta yaenee. Pangusa. Halafu shona juu ya kitambaa kibovu mpaka doa lisionekane tena. Sindano ikiwa imepinda au imekuwa butu, weka mpya. Ni kitu cha bei ndogo, nayo ikiwa mbovu hukata uzi na kuruka mishono.

Kama mashine imeganda kabisa, tia mafuta ya taa kidogo katika viungo, mbali na jiko na taa iwakayo. Iache kwa saa kadhaa, izungushe polepole, upanguse uchafu wote utokao, ndipo utie mafuta ya cherehani. Usiipige nyundo. Ikikataa bado, mpelekee fundi.

Mara Ngapi?

Vitabu vya maelekezo vya Singer vya zamani vilisema wazi kwamba mashine ifanyayo kazi mchana kutwa itiwe mafuta kila siku. Ile ya nyumbani, inayoshona siku mbili tatu katika juma, yatosha kuisafisha na kuitia mafuta mara moja kwa juma. Na nyuzinyuzi ziondolewe kila unapomaliza kazi kubwa. Ikikaa bila kazi, ifunike kwa sanduku lake au kitambaa kizito, mbali na moshi wa jikoni.

Baba wa nyumba naye asiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Mkulima aliye na plau huiondoa udongo kabla ya kuiweka, kwa sababu ajua bei yake. Cherehani nayo ina bei yake, na ikisimama mwezi wa Januari, karo na sare hudaiwa vivyo hivyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa cherehani huzibwa kwa brashi, kitambaa na matone machache ya mafuta, kazi isiyozidi nusu saa. Jumamosi hii, kabla hujaketi kushona, ifungue uitazame ndani.